Misemo ya Kiingereza kuhusu uonevu inavyowatega wazungumzaji wa Kifaransa

Tangu Rwanda na Burundi zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, watu wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa wamejikuta wakilazimika kudai haki zao kwa Kiingereza. Rwanda yenyewe iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia shuleni. Aidha, Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999 uliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha. Mtu anayeweza kununua mkate kwa lugha ya kigeni si lazima aweze kulalamika kwa lugha hiyo.

Ugumu wenyewe hautokani na umbali uliopo baina ya lugha hizo mbili, bali ukaribu wao. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitumika katika utawala na mahakama za huko kwa karne kadhaa, na maneno mengi ya sheria ya Kiingereza yana asili hiyo. Sura za maneno zilibaki karibu zilezile, maana zikaachana.

Mfano ulio wazi ni msemo "to add insult to injury". Kwa Mfaransa, "injure" ni tusi, hivyo msemo huo humjia kana kwamba ni kuongeza tusi juu ya tusi. Maana yake hasa ni kumdhuru mtu kisha kumdhalilisha, kama mwajiri anayemfukuza mfanyakazi bila kumlipa, halafu akamtaka arudishe sare aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Lugha zote mbili zilirithi neno hilo kutoka Kilatini "injuria", lililomaanisha tendo lililo kinyume cha haki. Kifaransa kikashika tusi, Kiingereza kikashika jeraha.

Neno "grief" nalo lina mtego wake. Kwa Kifaransa ni lalamiko, ilhali kwa Kiingereza ni majonzi, hasa ya msiba. Anayeandika kwamba ana "grief" dhidi ya meneja wake huenda akapewa pole badala ya kusikilizwa. Neno analolitafuta ni "grievance". Vivyo hivyo, "préjudice" ya Kifaransa ni hasara aliyoipata mtu, lakini "prejudice" ya Kiingereza katika matumizi ya kawaida ni kumhukumu mtu kabla ya kumjua.

Hata hivyo, la hatari zaidi pengine ni "framed". Msikilizaji wa Kifaransa hulifikiria "encadré", ambalo kazini humaanisha kusimamiwa na kuelekezwa, jambo jema kabisa. Kwa Kiingereza, mtu aliyekuwa "framed" ni yule aliyebambikiwa kesi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo zaidi hapo.

Ipo misemo isiyosumbua. "Scapegoat", neno lililobuniwa na William Tyndale alipotafsiri Biblia mwaka 1530, ndiye "bouc émissaire" wa Wafaransa, na wote wawili wanatoka katika Mambo ya Walawi sura ya 16. Kiswahili husema mbuzi wa kafara, ingawa katika sura hiyo mbuzi walikuwa wawili, na aliyebebeshwa dhambi za watu hakuchinjwa, bali alipelekwa jangwani akiwa hai. Fungu la simba liko katika lugha zote mbili kutokana na hadithi za Esopo. Wanachokiita Wafaransa "deux poids, deux mesures", yaani mizani miwili na vipimo viwili, Waingereza hukiita "double standards", na Waswahili hutaja mkuki kwa nguruwe.

Mingine haitafsiriki neno kwa neno. "Kangaroo court" haihusiani na wanyama wa Australia. Ni msemo uliosikika Marekani katika karne ya 19, na maana yake ni baraza linalohukumu bila kufuata sheria. Kesi ya nyani hakimu ngedere inaukaribia sana. "Sold down the river" ulitokana na watumwa wa Marekani waliouzwa kusini kupitia mto Mississippi, kwenye mashamba yaliyoogopwa kwa ukatili. Leo humaanisha kusalitiwa, lakini asili yake inatosha kumfanya mgeni afikirie mara mbili kabla ya kuutumia kwa utani.

Katika maandishi rasmi, misemo hiyo ni bora iachwe na istilahi zishikwe barabara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika matoleo yake ya Kiingereza, hutumia maneno "unfair termination" kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki. Kifaransa husema "licenciement abusif". Mlalamikaji akiitafsiri "abusif" kuwa "abusive", msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba bosi alimtukana au kumtendea ukatili, na huenda akaanza kumwuliza mashahidi wa matusi ambayo hayakutolewa kamwe.