Uendeshaji Bila Hadhari: Kosa la Joki na Jina Linalolifaa

Kosa linalowafungia majoki mara kwa mara katika mbio za farasi ni lile ambalo kanuni za Kiingereza huliita careless riding. Kiswahili hakijalipa jina lililotulia, ingawa mbio zenyewe si ngeni kwetu: uwanja wa Ngong, jijini Nairobi, una mbio za farasi wa thorobredi chini ya Jockey Club of Kenya, na wasemaji wa Kiswahili walioko Muscat na Dubai hawahitaji kuelezwa joki ni nani. Mwandishi anayekutana na kosa hili katika taarifa ya wasimamizi wa mbio ana maneno kadhaa karibu na kalamu yake: uzembe, kutojali, hovyo, rafu. Hoja yangu ni kwamba kila moja kati ya hayo lina kazi nyingine ndani ya kanuni zilezile za mbio, na tukilitumia hapa tutakosa neno kule. Pia tutamhukumu joki kwa jambo ambalo wasimamizi hawakumtia hatiani kwalo. Jina ninalolitetea ni uendeshaji bila hadhari.

Tuanze na kosa lenyewe. Kanuni za Uingereza, zinazosimamiwa na British Horseracing Authority, hulieleza kwa njia mbili: joki ameshindwa kuchukua hatua za busara za kuepuka kuwazuilia wenzake njia, au amewazuilia kwa sababu alikadiria vibaya au hakuwa makini. Hakuna nia mbaya hapo, wala uvivu. Taarifa za wasimamizi wa Hong Kong na Australia hulisema jambo hilo kwa muundo ambao umekuwa kama wa kudumu: karibu na mita kadhaa kutoka mwisho, joki fulani alimwachia farasi wake asogee upande wa ndani kabla hajamtangulia mwenzake vya kutosha, hata mwenzake akalazimika kuvuta hatamu. Kitenzi cha kuangaliwa ni kuachia. Hakuna anayesema kwamba joki alimsukuma mwenzake. Analaumiwa kwa kile ambacho alikuwa na uwezo wa kukizuia asikizuie. Ndiyo maana farasi kuyumba peke yake si kosa la mtu. Farasi hushtuka, huchoka, huegemea upande mmoja anapochapwa. Wasimamizi huuliza kilichofuata: je, joki alivuta hatamu, alimnyoosha, aliacha kumchapa, au aliendelea kumhimiza huku farasi akizidi kuhama njia?

Kipimo hiki hueleweka zaidi mtu akiliangalia tukio lenyewe kwa karibu. Farasi wa mbio ana uzito wa takriban kilo 500 na hukimbia kilomita 60 hivi kwa saa. Aliye juu yake ana kilo hamsini na kitu. Kundi linapoikaribia kona, kila joki huitaka reli ya ndani kwa sababu huko umbali ni mfupi zaidi. Aliye nje, ili aifikie, lazima akate mbele ya aliye ndani. Kwato za nyuma za farasi wake hupita karibu kabisa na miguu ya mbele ya farasi anayemfuata. Zikigusana, anayejikwaa na kuanguka kwa kawaida ni yule wa nyuma, ambaye hakukosa lolote, na nyuma yake wapo wengine wasio na nafasi ya kumkwepa. Mwenye jukumu ni wa mbele, kwa kuwa ndiye aliyechagua kuhama. Ana muda mfupi wa kugeuza shingo, kutazama chini ya bega, kupima pengo, kisha kuamua. Anayegeuza shingo akaona pengo halitoshi akasubiri, hana kosa. Asiyegeuza shingo kabisa, au anayetazama kisha akadhani nafasi ipo na kumbe haipo, ndiye anayeitwa mbele ya wasimamizi.

Sasa tuyarudie maneno yetu. Kanuni za mbio za Australia zinamkataza joki aina tano za uendeshaji, zikitajwa kwa mfuatano: careless, reckless, improper, incompetent na foul. Uingereza nayo ina uendeshaji wa hatari, ambao kanuni zake hueleza kuwa ni kumzuilia mwenzako kwa makusudi, au kuendesha chini mno ya kiwango cha joki hodari na mwangalifu kwa namna ambayo joki kama huyo angeona wazi kwamba inahatarisha usalama. Kila neno kati ya hayo hutenga kosa moja na jirani yake, na mfasiri hawezi kulishughulikia moja bila kuyatazama mengine. Rafu, neno tulilolizoea kwenye soka, ni mchezo mchafu, na ndiyo maana hasa ya foul. Haifai kumpa mtu ambaye hakucheza uchafu. Hovyo humsema mtu asiyejua anachokifanya, na inaelekea kwenye incompetent, ambayo mimi ningeiita uendeshaji usio na ustadi. Kutojali ni kuijua hatari na kuipuuza: mtu aliona, akasema liwalo na liwe. Hiyo ni reckless, ngazi nzito zaidi, na joki aliyepima pengo vibaya hana sababu ya kubebeshwa hiyo. Improper ni uendeshaji usiofaa, na sioni ugumu mkubwa hapo.

Limebaki uzembe, na hili ndilo lenye watetezi wenye hoja. Watasema kwamba mahakama zetu hulitumia kwa kushindwa kuchukua uangalifu unaotakiwa, kwamba polisi husema dereva ameua kwa uzembe na kila mtu akaelewa, na kwamba kuunda neno jipya pale ambapo lipo la zamani ni kuwasumbua wasomaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini uzembe una maana nyingine ambayo haijawahi kuuacha: mzembe ni mvivu, mtu asiyejituma, anayetegea. Katika ofisi na shambani maana hiyo ndiyo ya kwanza. Mbio za farasi zina kosa linalolingana nayo barabara. Kanuni za Australia zinamtaka joki achukue kila hatua ya busara na inayoruhusiwa ili farasi wake apate nafasi kamili ya kushinda au kumaliza katika nafasi bora anayoiweza. Joki anayelegeza hatamu mita chache kabla ya mstari akidhani ameshashinda, kisha akapitwa, hushtakiwa na kufungiwa kwa kosa hilo. Watu waliomwekea pesa hukasirika kwa haki, na neno lao litakuwa mzembe. Hilo ndilo kosa la uzembe kwenye mbio. Anayekata mbele ya mwenzake kwenye kona mara nyingi yuko upande wa pili kabisa: anajituma kupita kiasi, anataka nafasi ile kuliko macho yake yanavyomruhusu. Tukiwaita wote wawili wazembe, tutakuwa tumewapa jina moja aliyelegea na aliyezidisha bidii.

Hata sheria za barabarani, ambako ndiko uzembe umezoeleka zaidi, zinatuonyesha njia. Sheria ya Trafiki ya Kenya inatenganisha kuendesha kwa hatari na kuendesha bila uangalifu unaostahili, na adhabu zake hazilingani. Dereva anayemchomekea mwenzake kwa sababu hakutazama kioo hashtakiwi kama yule anayeshindana mwendo kasi katikati ya soko. Mtungasheria alihitaji ngazi mbili, akazipa majina mawili, na jina la ngazi ya chini linataja uangalifu uliokosekana. Mbio za farasi zinataka vivyo hivyo.

Kesi tatu zinaweza kutupimia jambo hili. Mei 4, 2019, katika Kentucky Derby pale Churchill Downs nchini Marekani, Maximum Security alifika wa kwanza akiwa na Luis Saez mgongoni. Kwenye kona ya mwisho farasi huyo alihama kutoka njia yake na kuwazuilia wengine, farasi War of Will akiwa karibu kabisa na kwato zake. Saez alisema farasi alishtushwa na kelele za watazamaji. Wasimamizi walirudia picha kwa dakika zipatazo 22, wakamshusha Maximum Security hadi nafasi ya 17, nyuma ya wale aliowazuilia, na ushindi ukaenda kwa Country House. Baadaye Saez alifungiwa siku 15 za mbio kwa kushindwa kumdhibiti farasi wake na kutofanya juhudi ipasavyo ya kumweka kwenye mstari ulionyooka. Maneno ya uamuzi huo hayana makusudi wala uvivu ndani yake. Yanataja juhudi ambayo haikutosha.

Melbourne Cup ya 2015, nchini Australia, ilikuwa na mwisho tofauti. Frankie Dettori, juu ya Max Dynamite, alimaliza wa pili nyuma ya Prince of Penzance wa Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo. Wasimamizi walimfungia Dettori mwezi mmoja kwa kosa letu hili, lakini farasi wake alibaki wa pili. Tofauti hii inatokana na kanuni. Nchi nyingi, Australia, Uingereza na Hong Kong zikiwamo, hubadili matokeo pale tu ambapo wasimamizi wanaridhika kwamba aliyezuiliwa angemaliza mbele ya aliyemzuilia. Japani ilihamia huko mwaka 2013 na Ufaransa ikafuata mwaka 2018. Marekani kwa sehemu kubwa haijahama. Kwa mfasiri hilo lina maana hii: nafasi ya farasi ni hukumu moja, mwenendo wa joki ni hukumu nyingine, na neno tunalolitafuta ni la hukumu ya pili peke yake. Wanaoandika kwamba farasi "aliadhibiwa kwa uzembe" wanazichanganya mbili hizo.

Kesi ya tatu iko nje ya kosa hili, na naileta kwa sababu inaonyesha mpaka wake. Septemba 30, 2022, huko Saint-Cloud nchini Ufaransa, Christophe Soumillon alimpiga kiwiko Rossa Ryan wakati wa mbio, na Ryan akaanguka chini. Kwa bahati hakuumia vibaya. Soumillon alifungiwa siku 60. Hapo hatuna mtu aliyesahau kugeuza shingo; mkono ulinyooshwa.

Kesi hiyo inajibu pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote, kwamba bila hadhari ni maneno laini mno kwa kosa linaloweza kumvunja mtu shingo. Anayelitoa anawafikiria majoki, na ni vizuri afanye hivyo. Lakini tazama: aliyeangushwa Saint-Cloud aliinuka, na bado aliyemwangusha alipata adhabu ndefu. Na joki aliyekosea kipimo kidogo kwenye kona anaweza kuangusha farasi wanne. Kama jina la kosa lingefuata ukubwa wa maumivu, jina lingebadilika kila ambulensi inapoingia uwanjani, na joki angejua kosa lake baada ya daktari kusema. Ni kweli kwamba madhara huhesabiwa. Wasimamizi wa majimbo ya Australia ya Victoria na New South Wales hupima kiwango cha kukosa hadhari, na pia matokeo yake kwa wengine, kisha huangalia rekodi ya joki na kama alikiri. Hayo yote hurefusha au kufupisha siku za kufungiwa. Uzito una mahali pake, ambapo ni kwenye adhabu. Kuupakia kwenye jina la kosa ni kumwita mtu katili kwa sekunde moja ya kutotazama, na msomaji akizoea hivyo hatautambua ukatili wenyewe ukitokea.

Yamebaki mambo mawili ya uundaji wa istilahi. La kwanza ni kuchagua uendeshaji badala ya upandaji. Farasi hupandwa, hilo halibishaniwi, na mpanda farasi ni jina la heshima. Ila kupanda kunataja kuwa juu ya mnyama, ilhali kosa hili linahusu kumwelekeza: hatamu, mstari, mwendo, pengo. Zaidi ya hayo, upandaji ukisimama peke yake kwenye kichwa cha habari humpeleka msomaji kwenye miche. Uendeshaji unaweza kumpeleka kwenye magari, nakubali, lakini neno joki likiwa mbele yake utata unaisha, na tena anafika kwa wazo lililo sahihi, la mtu mwenye jukumu la kuangalia njia yake kwa ajili ya wengine.

La pili ni hadhari badala ya tahadhari. Tahadhari ndiyo inayosikika zaidi redioni, na kwa sikio la wengi "bila kuchukua tahadhari" ingeteleza vizuri. Lakini tahadhari pia ni onyo linalotolewa: tahadhari ya mafuriko, tahadhari ya kipindupindu. Wasimamizi wa mbio nao wana adhabu ndogo kabisa ya namna hiyo, ambapo joki huitwa, hukaripiwa na kuachwa aende bila kufungiwa. Nisingependa kusoma kwamba joki alipewa tahadhari kwa kuendesha bila tahadhari. Hadhari haina mzigo huo. Ni ule uangalifu wa mtu anayejua kwamba kuna hatari karibu, na tunayo tayari katika kujihadhari, kitenzi ambacho kila mzazi humwambia mtoto anayevuka barabara. Hivyo taarifa ya Ngong ingesomeka kwamba joki fulani amefungiwa siku kadhaa kwa kuendesha bila hadhari kwenye mita 400 za mwisho, na mwenzake, ambaye farasi wake alihama kidogo bila kumzuilia mtu, amepewa onyo.