Nani Anamlinda Mhudumu? Upatikanaji wa Maarifa ya Usalama Kazini Hospitalini, kutoka Yambuku hadi Lacor, 1976–2007

Historia ya hospitali katika Afrika ya Mashariki na Kati imezoeleka kuandikwa kama historia ya waanzilishi, majengo na magonjwa. Muuguzi, fundi wa maabara, mfuaji wa mashuka na mhudumu wa wodi hutajwa kwa idadi yao tu, na daktari hutajwa kwa idadi ya wagonjwa aliowatibu. Ni nadra kukuta hospitali ikichunguzwa kama mahali pa kazi, penye hatari zake kama ilivyo migodini au katika viwanda vya pamba. Insha hii inafuata mkondo huo ambao haujapitwa sana. Inauliza maswali mawili: mtumishi wa hospitali alipata wapi habari za hatari iliyokuwa mikononi mwake, na alipotaka msaada alikuwa na nani wa kumwendea? Mfano mkuu ni Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, iliyo karibu na mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda. Hospitali hiyo ilifunguliwa na wamisionari Wakomboni mwaka 1959. Katika muda usiozidi miaka mitano, kati ya 1996 na 2000, ilipoteza madaktari wawili mashuhuri kwa magonjwa waliyoambukizwa kazini, na makaburi yao yako jirani ndani ya eneo la hospitali.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayoeleza ukimya wa miaka mingi. Serikali za kikoloni za Uganda, Kenya na Tanganyika zilirithi kutoka Uingereza dhana ya kwamba usalama kazini ni jambo la kiwanda. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950 na ile ya Kenya ya mwaka 1951 zilijengwa juu ya picha ya mashine inayozunguka, mkanda unaonasa nguo na boila inayoweza kulipuka. Uganda nayo iliingia katika uhuru ikiwa na sheria ya aina hiyo hiyo, na iliendelea kuitumia hadi karne mpya. Katika mantiki hiyo, mkaguzi alikuwa na sababu ya kwenda kwenye kinu cha kuchambua pamba, lakini hakuwa na sababu ya kuingia wodini na kuuliza sindano zilizotumika hutupwa wapi. Damu haikuhesabiwa kuwa hatari ya kazi. Isitoshe, hospitali nyingi zilikuwa za serikali au za misheni. Katika zile za kwanza mwajiri ndiye aliyekuwa mwenye sheria, na katika zile za pili kazi ilihesabiwa kuwa wito. Mtu aliyeitikia wito hakutarajiwa kudai glavu.

Gharama ya hali hiyo ilionekana wazi huko Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, mnamo Septemba 1976. Katika hospitali ndogo ya misheni ulizuka ugonjwa ambao baadaye ulipewa jina la mto Ebola. Uchunguzi wa kimataifa ulihesabu wagonjwa 318, na 280 kati yao walifariki. Kwa watumishi wa hospitali yenyewe hali ilikuwa ya kutisha zaidi: kati ya watu 17 waliofanya kazi hapo, 11 walikufa. Wachunguzi walibaini kwamba kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano kwa matumizi ya siku nzima, nayo yalisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Jambo hili hutajwa mara nyingi kama uzembe wa watawa na wauguzi. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Watu waliokufa kwa wingi namna ile ndio waliokuwa wa kwanza kudhurika na utaratibu huo, na hakuna mtu anayejiua kwa uzembe huku akijua. Walikuwa wakifanya kazi mbali na maabara na maktaba, bila mkaguzi wa kuwatembelea, wakitumia vifaa walivyopewa kwa namna waliyoizoea.

Wakati Yambuku ikizungumzwa Geneva na Antwerp, huko Lacor daktari mpasuaji kutoka Kanada, Lucille Teasdale, alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa miaka 15. Alifika mwaka 1961 pamoja na Piero Corti, daktari wa Kiitalia ambaye alimwoa mwaka huo huo. Vita vilivyomwondoa Idi Amin mwaka 1979, na vingine vilivyofuata, vilileta kwenye meza yake ya upasuaji majeruhi wengi wa risasi na mabomu. Upasuaji wa aina hiyo una hatari ya pekee: kipande cha mfupa uliovunjika hukata kama kisu, na glavu haisaidii. Mwaka 1985 vipimo vilionyesha kwamba Teasdale alikuwa na virusi vya UKIMWI, na waliomtibu waliamini kuwa aliambukizwa katika upasuaji. Aliendelea na kazi kwa zaidi ya miaka kumi, akafariki tarehe 1 Agosti 1996.

Mfuatano wa tarehe una maana hapa. Virusi vya UKIMWI vilitambuliwa mwaka 1983. Taarifa ya mtumishi wa afya aliyeambukizwa kwa kuchomwa sindano ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1984. Mwongozo wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, uliotaka damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kuwa na uwezo wa kuambukiza, ulitoka mwaka 1987. Kwa hiyo mpasuaji wa Lacor hakuwa na mahali pa kusoma juu ya hatari iliyompata, kwa sababu alipokuwa akiipata ilikuwa haijaandikwa. Jambo hilo linamtofautisha na watumishi waliokuja baada yake.

Inafaa kutupa jicho Marekani kwa muda mfupi, kwa kuwa ndiko maarifa hayo yalikogeuzwa kuwa haki. Mwaka 1986 vyama vya wafanyakazi wa hospitali viliiomba rasmi mamlaka ya usalama kazini itunge kanuni kuhusu magonjwa yanayoenezwa kwa damu. Miaka miwili baadaye mtafiti Janine Jagger wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walichapisha uchunguzi wa majeraha ya sindano uliobadilisha namna ya kuuliza swali lenyewe: badala ya kuuliza muuguzi alikosea nini, waliuliza ni kifaa gani kilichomchoma na kimeundwaje. Walikuta kwamba takriban theluthi moja ya majeraha yalihusiana na kurudishia kifuniko cha sindano. Kanuni ilitolewa Desemba 1991. Ilimlazimu mwajiri kutoa chanjo ya homa ya ini aina ya B bila malipo, vifaa vya kinga na mafunzo; na mwaka 2000 sheria nyingine ilitaka sindano zenye muundo salama zaidi. Katika mlolongo huo wote, mtumishi alikuwa na chama cha kumsemea, mtafiti wa kumhesabu na ofisi ya kupelekea malalamiko. Muuguzi wa Gulu wa mwaka huo huo wa 1991 hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu kwa kiwango cha kutegemewa, na kaskazini mwa Uganda vita vya waasi vilikuwa vikiendelea.

Maarifa yaliyofika Lacor yalipitia Kikwit. Mwaka 1995 mji huo wa Zaire ulipatwa na mlipuko mkubwa wa Ebola. Kati ya wagonjwa 315 waliohesabiwa, 80 walikuwa watumishi wa afya, yaani mmoja katika kila wanne. Upasuaji wa mgonjwa mmoja katika hospitali kuu ulitosha kuwaambukiza wengi wa waliokuwa chumbani, wakiwamo watawa wauguzi wa Kiitalia. Glavu, barakoa na aproni zilipofika mwezi Mei, pamoja na mafunzo ya kuzitumia, maambukizi kwa watumishi yalishuka ghafla. Kutokana na funzo hilo Shirika la Afya Duniani na kituo kile cha Marekani walichapisha, mwishoni mwa mwaka 1998, mwongozo wa kuzuia maambukizi ya homa za kuvuja damu katika hospitali za Afrika.

Mwongozo huo unastahili kusomwa na mwanahistoria kama andiko la kijamii, mbali na manufaa yake ya kitabibu. Waandishi wake hawakudhani kwamba msomaji ana ghala lililojaa. Walieleza namna ya kuchanganya dawa ya klorini kwa kipimo cha moja kwa kumi na cha moja kwa mia, namna ya kutengeneza kinga kwa vitu vinavyopatikana sokoni, namna ya kupanga chumba cha kubadilishia nguo, na mpangilio wa kuvaa na kuvua. Ni miongoni mwa maandiko machache ya kimataifa ya zama zile yaliyomzungumzia mtumishi wa hospitali maskini kama mtu mwenye akili na mwenye mwili unaoweza kufa.

Mapema Oktoba 2000, Matthew Lukwiya, mkuu wa tiba wa Lacor, alikuwa Kampala kwa masomo alipopigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi, akatumia usiku kupitia mafaili ya wagonjwa pamoja na mtawa aliyekuwa mkuu wa wauguzi. Lukwiya alikuwa amesoma maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yaliyotokana na Kikwit. Hakungoja barua ipande ngazi za urasimu. Alimpigia simu moja kwa moja ofisa wa juu wa Wizara ya Afya. Wataalamu walipofika walikuta wodi ya kutengea wagonjwa imekwisha kuanzishwa kwa kufuata mwongozo, kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha, katikati ya Oktoba, kwamba ilikuwa Ebola.

Wengi huishia hapa wanapotoa mfano wa nguvu ya maarifa. Lakini takwimu za mlipuko huo zina upande wa pili. Kati ya watumishi wa afya 22 walioambukizwa katika wilaya ya Gulu, 14 waliambukizwa baada ya wodi za kutengea wagonjwa kuanzishwa. Hao walikuwa na glavu na walikuwa wameelekezwa. Kilichowashinda ni mambo ambayo karatasi haiyatatui: zamu ndefu, watumishi wachache, joto ndani ya mavazi ya plastiki, na mgonjwa anayeanguka kitandani usiku akiwa anavuja damu huku aliye karibu akitakiwa kwanza kuvaa vifaa kwa mpangilio. Inaelezwa kuwa Lukwiya mwenyewe aliambukizwa katika tukio la aina hiyo, alfajiri moja ya Novemba, alipokwenda kumsaidia muuguzi mgonjwa akiwa amevaa barakoa, joho na glavu lakini bila kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ulipomalizika mwaka 2001 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 425, na waliofariki walikuwa 224.

Siku chache kabla ya kuugua kwake kulifanyika kikao ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha historia hii. Mwishoni mwa Novemba, baada ya vifo kadhaa vya wenzao kwa mfululizo, mamia ya watumishi wa Lacor walikusanyika na kutishia kuacha kazi. Masimulizi ya baadaye hukitaja kikao hicho kama jaribu la ujasiri ambalo Lukwiya alilishinda kwa maneno yake, nao wakarudi wodini. Kwa mtazamo wa historia ya kazi, kikao kile kinasomeka tofauti. Hawa walikuwa wafanyakazi wakiuliza, kwa njia pekee waliyokuwa nayo, swali ambalo katika sekta nyingine lingeulizwa na kamati ya usalama au mkaguzi: je, mahali hapa pa kazi panafaa kuendelea kufanyiwa kazi kwa utaratibu huu? Aliyewajibu alikuwa mtu mmoja, na alijibu kwa heshima waliyokuwa nayo kwake. Lugha ya ushujaa na ushahidi iliyofuata, ya haki kabisa kwa marehemu, ilikifunika kisa hicho kama ajali ya kazi iliyokuwa na sababu zinazochunguzika. Shujaa hufanyiwa ibada. Mfanyakazi aliyeumia kazini hufanyiwa uchunguzi, na familia yake hulipwa fidia.

Sheria zilianza kubadilika karibu kwa pamoja. Tanzania, iliyokuwa imeunda wakala wake wa usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2001, ilifuta sheria ya viwanda ya kikoloni kwa sheria mpya ya mwaka 2003, iliyogusa viwanda na mahali pengine pa kazi. Uganda ilifuata mwaka 2006, na Kenya mwaka 2007. Kwa mara ya kwanza muuguzi wa Gulu, kama yule wa Muhimbili au Kisumu, alitambulika kisheria kuwa mtu anayestahili kuelezwa hatari za kazi yake na mwajiri wake. Hata hivyo ofisi za ukaguzi zilirithi watumishi na mazoea ya zamani, na njia ya kutoka viwandani hadi wodini haikuwa fupi.

Novemba 2007, mwaka mmoja baada ya sheria ya Uganda kupitishwa, ugonjwa usioeleweka uliokuwa ukiua watu Bundibugyo, magharibi mwa nchi, ulitambuliwa kuwa aina mpya ya Ebola. Kabla ya utambuzi huo watumishi wa hospitali ya wilaya walikuwa wamekwisha kuwahudumia wagonjwa kwa majuma bila kujua walichokishika. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo daktari Jonah Kule, aliyefia Kampala mapema Desemba, miaka saba kasoro siku moja au mbili tangu kifo cha Lukwiya.