Weusi wa Reale ya Sham

Leo nataka kuwaeleza habari za sarafu kubwa ya fedha ambayo wazee wetu wa pwani waliiita reale ya Sham. Twataka kujua jambo moja: reale ikiwa nyeusi, twawezaje kutambua kama weusi ule umeletwa na miaka au umetiwa na mwenye hila?

Kwanza yafaa kujua asili yake. Jina lasema Sham, lakini haikutoka Sham. Ilitoka Austria, na sura iliyo juu yake ni ya Maria Theresa, malkia mwenye ushungi wa mjane, aliyekufa tarehe 29 Novemba 1780. Upande wa pili yuko tai mwenye vichwa viwili. Wazee waliitofautisha na reale ya mzinga, iliyokuwa fedha ya Kihispania, kwa sababu nguzo zilizochorwa juu yake zilionekana kama mizinga. Bei za pembe na karafuu Unguja zilihesabiwa kwa reale, mpaka rupia ya Bara Hindi ilipoenea. Seyyid Barghash naye alipiga reale yake mwenyewe mwaka 1882.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Malkia alipokufa, mafundi hawakubadili sura wala mwaka. Wafanya biashara wa Arabuni na Uhabeshi walikuwa wamekwisha izoea sura ile, na sarafu ngeni hawakuiamini. Kwa hiyo reale iliendelea kupigwa, kila moja imeandikwa 1780: Vienna, kisha Roma tangu mwaka 1935, London tangu 1936, hata Bombay miaka ya 1940 na 1941. Basi mtu akikuambia, “Tazama mwaka, hii ni kongwe,” hajakuambia neno. Mwaka ule umo katika zote, za zamani na za juzi.

Kwa kuwa mwaka hautoi ushahidi, hapana budi tuitazame ngozi ya sarafu. Reale ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Ukiigawa mafungu sita, matano ni fedha safi na moja ni shaba. Fedha haipati kutu kama chuma, lakini hupatana na kiberiti, yaani ile madini ya manjano ambayo chembe zake zimo katika hewa, katika moshi, katika sufu na mpira, hata katika yai. Vikikutana, uso wa fedha hugeuka rangi. Basi weusi ule si uchafu uliokaa juu ya fedha. Ni fedha yenyewe iliyobadilika. Neno hili mlishike, maana nitalirudia.

Ziko alama tatu za kupima. Ya kwanza ni mapatano ya rangi na kuchakaa. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu husuguliwa mahali palipoinuka: shavu la malkia, bega lake, kifua cha tai. Hapo hubaki kijivu cheupe. Weusi hukaa mabondeni: kandokando ya herufi, katika mikunjo ya ushungi, baina ya manyoya ya mabawa. Ukiona reale iliyochakaa sana, na shavu ni jeusi sawasawa na bonde, uliza sababu. Huenda ililala miaka mingi sandukuni baada ya kutumika. Huenda pia imepakwa dawa juzi.

Alama ya pili ni mikwaruzo. Mkwaruzo ukikata weusi na ndani yake fedha yang'aa, basi mkwaruzo ulikuja baada ya rangi. Lakini mikwaruzo myembamba mingi, yote ya upande mmoja, ikiwa imefunikwa na rangi, yasema kwamba sarafu ilisuguliwa kwanza, kisha rangi ikaja. Mwenye hila hufanya hivyo ili kuficha msuguo wake.

Ya tatu ni mfuatano wa rangi. Fedha haiwi nyeusi kwa siku moja. Kwanza huwa manjano hafifu, kisha hudhurungi yenye wekundu, kisha buluu, na mwisho nyeusi. Na mara nyingi huanzia ukingoni ikielekea katikati. Igeuzeni polepole juani: rangi ya kweli hupita taratibu kutoka moja hata nyingine. Rangi ya haraka mara nyingi huwa madoa yenye mipaka mikali, na pengine hutoka kwa kitambaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo msifanye haraka kuhukumu. Alama moja haitoshi. Zitazameni zote tatu pamoja. Tena weusi wa kweli hauonyeshi kwamba reale ni ya karne ya 18. Reale ya Bombay nayo yaweza kuwa na weusi wa haki. Waonyesha tu kwamba sarafu imeishi maisha yake bila udanganyifu. Kama ni fedha au si fedha, hilo ni swali jingine.

Mwisho nawasihi jambo moja. Mkiikuta reale katika mali ya babu au katika mkufu wa bibi, msiisugue kwa majivu na ndimu ili ing'ae. Nilisema kwamba weusi ni fedha yenyewe iliyobadilika. Basi anayeuondoa kwa kusugua aondoa fedha, na pamoja nayo alama za mikono yote iliyoishika. Ifungeni katika kitambaa kikavu cha pamba, mbali na moshi wa jiko. Vitabu vyetu vya kale ni vichache, nasi tusifute kwa mikono yetu ushahidi mdogo tuliobakiziwa.