Madaraja ya juu na msongamano wa magari: Eldoret na Kesses

Daraja la juu, ambalo madereva wengi huliita flaiova, hupitisha barabara moja juu ya nyingine kwenye makutano ili magari yanayokwenda moja kwa moja yasisubiri zamu ya mataa wala mkono wa askari. Hufungua fundo la mahali pamoja. Kama linapunguza msongamano wa mji mzima ni swali jingine, na mara nyingi huulizwa wakati zege limeshakauka.

Hesabu yake ya msingi ni nyepesi. Njia moja isiyo na kizuizi hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa. Njia hiyohiyo ikiwekewa mataa yanayoipa kijani asilimia 40 ya muda, haipitishi zaidi ya 720 hivi. Daraja huirudishia uwezo uliopotea, lakini magari hayo yote hufika kwenye makutano yanayofuata kwa pamoja. Ndiyo maana mpimaji anayesimama darajani peke yake huandika ripoti ya furaha, na abiria aliyekwama kilomita mbili mbele haielewi.

Dar es Salaam inaonyesha jambo hilo vizuri. Daraja la Mfugale, lililozinduliwa Septemba 2018 kwenye makutano ya TAZARA, linabeba Barabara ya Nyerere juu ya Barabara ya Mandela. Anayetoka uwanja wa ndege kuelekea mjini hupita bila kusimama. Walio chini kwenye Mandela, yakiwemo malori ya bandarini, pamoja na wote wanaokata kona, bado wana mataa yao. Mwaka 2021 ukafuata mzunguko wa ngazi tatu wa Ubungo, uliopewa jina la Kijazi. Nairobi nayo ilifungua Barabara Kuu ya Thika Novemba 2012, na mwaka 2022 barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Safari za barabara kuu zilifupika kweli, ila magari yanayoshuka kutoka Kasarani hatimaye huingia mitaa ya katikati ya jiji ambayo haikupanuka.

Kuna pia magari yanayovutwa na nafasi mpya. Mmarekani Anthony Downs aliandika kuhusu tabia hiyo mwaka 1962, na mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner wakaonyesha kwamba katika miji ya Marekani kilomita zinazosafiriwa na magari ziliongezeka karibu sawasawa na urefu wa njia za barabara kuu. Kwa hiyo kipimo cha miezi michache baada ya uzinduzi hakitoshi. Kirudiwe baada ya miaka kadhaa.

Eldoret, iliyotangazwa jiji Agosti 2024, ina tatizo la namna yake. Barabara ya A8 (zamani A104) inayotoka Nakuru hupita Cheptiret, ambapo njia ya Kesses na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi huchepuka, kisha huingia mjini na kuwa Uganda Road. Hapo lori la Malaba, matatu ya wanafunzi, bodaboda na mkokoteni hugombea lami moja. Barabara ya mchepuko ya kusini, yenye kilomita 32 hivi kuanzia Cheplaskei, ilikusudiwa kuyaondoa mjini malori yasiyo na shughuli hapo. Lakini Eldoret si mji wa kupita tu: bomba la mafuta kutoka Mombasa lina bohari hapa, na malori ya mafuta yanayopakia kwenda Uganda na nchi za mbele huanzia safari mjini humu.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kudai daraja la juu katikati ya mji, hesabu ya kwanza iwe ya asili na mwisho wa safari. Waandikaji huketi Cheptiret, upande wa Webuye na kwenye barabara za Iten na Kapsabet, wakinukuu namba za magari na saa. Namba iliyoonekana Cheptiret na kuonekana tena upande wa Webuye baada ya muda mfupi ni ya mpita njia, na dawa yake ni mchepuko. Isiyotokea tena imeishia mjini. Magari ya aina hii yakiwa mengi, fedha zitafanya kazi zaidi kwenye steji zilizo nje ya lami, mataa yaliyopangwa kwa pamoja na maegesho yanayosimamiwa.

Pia wahesabiwe watu, si magari pekee. Matatu yenye abiria 14 na gari dogo la mtu mmoja huandikwa sawa katika hesabu za kawaida, na hilo ni kosa zito kwa mji ambao wakazi wake wengi hupanda matatu au hutembea. Mtembea kwa miguu naye apimwe kwa saa: dakika alizohitaji kuvuka kabla ya daraja, na baada yake, ikiwa kivuko kimesogezwa mbali au ameachiwa ngazi ndefu akiwa na mtoto mgongoni na gunia la viazi kichwani.