Kibambuo, Neno Tulilokuwa Nalo

Anayetaka kuondoa rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka juu ya tabaka kwenye kitasa, pete au komeo la shaba la mlango wa kale wa Mji Mkongwe au Lamu, siku hizi anaelekezwa atafute "kiondoa rangi". Istilahi hii imepita vikaoni bila kuulizwa swali la kwanza: rangi ipi? Kwa Kiswahili, rangi ni ile inayoonekana kwa jicho, na pia ni ile inayotoka koponi kwa brashi. Jiki huondoa rangi ya kanga na jua huondoa rangi ya pazia. Hata siki, kitasa kikilowa humo kwa muda mrefu, huondoa umanjano wa shaba, kwa kuwa asidi hula zinki na kuacha wekundu usoni. Kamati ya istilahi ikaridhika na neno linalovikumbatia vyote hivyo.

Kwa kuwa nomino imebeba maana mbili, kazi ya kutofautisha ni ya kitenzi, na kitenzi tunacho: kubambua. Kimo katika ukoo wa bandua, gandua na zibua, ambamo kiishio -ua hutengua kilichoshikamana au kuzibwa. Na sikio la Mswahili husikia humo bamba, kitu chembamba kilicho bapa. Hubambui weupe wala wekundu, unabambua tabaka. Na kama zibua ilivyotupa kizibuo, bambua inatupa kibambuo kwa njia ileile, bila kuazima chochote. Wapo wanaosema kubambua ni kwa magome na ngozi tu. Hao hawajasikiliza mitaani, ambako ukuta uliolowa husemwa rangi yake imebambuka. Ikiwa rangi hubambuka yenyewe, mtu anazuiwa na nini kuibambua? Wengine, kwa ukaidi unaochosha, hushikilia kukwangua. Kukwangua ni nguvu ya mkono na makali ya chuma, na shaba ni laini: mikwaruzo hubaki. Isitoshe, rangi nyingi za zamani zina risasi, na kuzikwangua zikiwa kavu ni kurusha vumbi la sumu ndani ya nyumba yenye watoto. Neno linalomwelekeza msomaji kwenye madhara halistahili kutetewa kwa hoja kwamba mafundi wamelizoea.

Kubambua kwenyewe ni kwepesi. Kifaa huchemshwa taratibu kwa maji na magadi katika sufuria kuukuu isiyo ya alumini wala ya kupikia tena, pahali penye hewa. Metali na rangi hutanuka kwa viwango tofauti, tabaka likalegea, nalo likabambuliwa lingali bichi kwa kijiti cha mti. Kisichobambuka hupakwa kibambuo cha dukani, glavu zikiwa mkononi. Bawaba za chuma zikaushwe papo hapo na kupakwa mafuta.