Nani Msimamizi? Historia ya Dirisha la Idhini katika Kompyuta ya Nyumbani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha rasmi huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi wa mwaka 2015 ambao bado unaendesha kompyuta nyingi za mtumba majumbani na katika steshenari za maeneo kama Tandale, wilayani Kinondoni. Kwa kuwa mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, mafundi wanaendelea kuzipiga Windows, yaani kufuta mfumo uliopo na kusimika upya, na kila kazi hiyo inapofanyika huibuka suala ambalo mwenye mashine aghalabu hashirikishwi kuliamua: nani awe msimamizi. Msimamizi ni mtumiaji mwenye mamlaka ya kusimika programu, kubadili mipangilio ya mfumo na kufungua mafaili ya wengine, na dirisha linalochomoza likiuliza kama programu fulani iruhusiwe kufanya mabadiliko ndilo lango la mamlaka hayo.

Wazo la kuyatenga mamlaka hayo si geni, kwani mfumo wa Unix, ulioanza kutengenezwa Marekani mwaka 1969, ulimtofautisha mtumiaji mkuu na wengine kwa sababu mashine moja ilihudumia watu wengi. Tanzania, ambako kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 na uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku mwaka 1974, ilizipokea kompyuta za mezani kwa wingi baada ya marufuku hiyo kulegezwa, na Windows 95 na 98 zilizofuata hazikuwa na mpaka wa maana kati ya mtumiaji na mfumo. Windows XP ya mwaka 2001 iliuleta mpaka huo nyumbani, lakini akaunti ya kwanza ilikuwa ya msimamizi, na waandishi wa programu wakazoea kudai mamlaka yote hata kwa mchezo wa watoto.

Mazoea hayo ndiyo yaliyokabiliwa na Windows Vista, iliyofika madukani tarehe 30 Januari 2007 ikiwa na utaratibu ambao ndani yake programu za msimamizi mwenyewe huendeshwa kwa mamlaka ya kawaida mpaka aidhinishe katika dirisha linalochomoza, skrini ikififishwa mwanga ili programu nyingine isiweze kubofya kwa niaba yake, huku mwenye akaunti ya kawaida akidaiwa neno la siri la msimamizi.

Watumiaji walilalamika vikali. Mwezi Aprili 2008, katika mkutano wa usalama wa kompyuta mjini San Francisco, David Cross wa Microsoft alitamka waziwazi kwamba dirisha hilo liliwekwa ili liwakere watumiaji, akasisitiza kuwa hatanii, kwa maana kwamba kero yao ingewashinikiza waandishi wa programu waache kudai mamlaka wasiyoyahitaji. Kauli hiyo ilichukuliwa na wengi kuwa dharau, lakini takwimu zilizotolewa Oktoba mwaka huo na Ben Fathi, mmoja wa viongozi wa uhandisi wa kampuni hiyo, zinamtetea Cross: katika mwaka mmoja, idadi ya programu na kazi tofauti zilizosababisha dirisha kuchomoza ilishuka kutoka 775,312 hadi 168,149.

Hata hivyo kampuni ililegeza kamba, kwani toleo la majaribio la Windows 7 lilikuja na kitelezi cha ngazi nne cha kuchagua ni lini dirisha lichomoze, na ngazi iliyowekwa tangu mwanzo haikuuliza chochote mtumiaji alipobadili mipangilio ya Windows mwenyewe. Mapema mwaka 2009 wanablogu Long Zheng na Rafael Rivera walionyesha kwamba programu hasidi ingeweza kuigiza mibofyo ya vitufe na kukishusha kitelezi hadi chini kabisa bila mwenye mashine kujua. Microsoft ilijibu kwanza kwamba hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, jibu ambalo halikustahili kutolewa kwa watu waliokuwa wakionya kwa nia njema, kisha tarehe 5 Februari ikageuka na kuahidi kwamba kukibadili kitelezi chenyewe kutaombewa idhini. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na matoleo ya baadaye yameubakiza utaratibu huo karibu ulivyokuwa.

Kinachosikitisha ni kwamba ulinzi huo hubatilishwa siku ileile mashine inapotoka kwa fundi, ikiwa na akaunti moja ya msimamizi isiyo na neno la siri, inayotumiwa na baba, mama, watoto na mgeni mwenye fleshi iliyopita kompyuta kadhaa za steshenari. Swali lenyewe huulizwa kwa Kiingereza, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na Microsoft nayo imekuwa na tafsiri ya Kiswahili tangu enzi ya XP. Tandale haikosi watu wa kuelewa mambo haya, kwani mwaka 2011 wakazi wake na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora kata hiyo katika ramani ya kidijitali, kichochoro kwa kichochoro. Mwenye kompyuta anayo haki ya kumtaka fundi, kabla hajamlipa, atengeneze akaunti mbili, ya kawaida kwa matumizi ya kila siku na ya msimamizi yenye neno la siri linalobaki kwa mwenye nyumba, na akiache kitelezi katika ngazi ya juu.