Mtawa na Mgeni: Maneno Mawili katika Historia ya Mbulu na Hanang

Katika Kiswahili cha pwani, kutawa ni kukaa ndani pasipo kuonekana na watu. Mwanamke wa kiungwana aliyetawa hakutoka ovyo. Na mcha Mungu aliyejitenga na malimwengu, yeye naye aliitwa mtawa. Kanisa Katoliki lilipotafuta jina la wanawake walioweka nadhiri, neno hili lilifaa, kwa kuwa Ulaya nako wanawake wa namna hiyo walikaa karne nyingi nyuma ya kuta. Hata hivyo, watawa waliofika Mbulu hawakuwa watu wa kukaa ndani, na hapo ndipo neno lilipoanza kuiacha asili yake.

Nchi yenyewe ni nchi ya kuhama. Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, walitoka katika milima yao ya Irqwar Da'aw wakaenea Karatu na Hanang katika karne ya 20. Wabarabaig, walio miongoni mwa Wadatoga wenye lugha ya Kinailoti, walifuata malisho kuuzunguka mlima Hanang. Kusini wako Wanyaturu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu, na kuelekea ziwa Eyasi wako Wahadza, ambao lugha yao haina jamaa inayojulikana. Katika nchi kama hiyo kila mtu ni mwenyeji leo, na kesho ni mgeni.

Watawa nao walikuwa wageni. Roma haikuwaruhusu kwa muda mrefu watawa wanawake kuzalisha akina mama. Ruhusa ilipatikana kwa waraka wa tarehe 11 Februari 1936. Mwaka uliofuata Mary Martin, mwanamke wa Ayalandi, alianzisha huko Nijeria shirika la Wamisionari wa Tiba wa Maria. Mwaka 1947 masista wa shirika hilo walifika Dareda, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali palipokuwa katika wilaya ya Mbulu hadi 1969, kisha Hanang, na tangu 1985 Babati. Hospitali ikakua hapo, na watu wakaiendea kutoka mbali, mgonjwa pamoja na jamaa zake.

Yafaa kuuliza: wageni wa namna mbili walikutana kwa lugha gani? Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya sista, wala ya Mbarabaig aliyemleta mkewe. Wote wawili walikiazima. Kwa hiyo hapakuwa na mmoja aliyesema kwa ufasaha wa mwenyeji na mwingine kwa kubabaika kwa mgeni. Tena, pale maneno yalipopungua, lililobaki lilikuwa kukaa karibu na mgonjwa, kumwosha, kumpa maji na kukesha naye. Kazi hii haihitaji sarufi.

Wala wenyeji hawakuanza siku hiyo kutafuta uponyaji kwa watu wa mbali. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal wa Norwe, katika makala yake ya 1999, alionyesha kwamba Wairaqw tangu zamani waliwaendea waganga wa makabila mengine, na mvua waliiomba kwa Waihanzu. Ugeni wa mganga haukuwa kikwazo. Ulikuwa sehemu ya nguvu zake. Methali ya Waswahili yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa mgeni akija, chakula kizuri hupikwa na mwenyeji naye hufaidi. Huko Mbulu yaweza kuchukuliwa kwa maana ya wazi kabisa ya kupona.

Lakini huruma ina mpaka wake, na mwanahistoria hana budi kuutaja. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba ya ngano ya serikali yalipanuka katika tambarare za Basotu, hata yakafikia kama ekari 100,000. Wabarabaig walipoteza malisho yao bora. Katika miaka ya 1980 walikwenda mahakamani, na katika rufani wakashindwa. Wengi walihama na mifugo yao kwenda mikoa mingine. Mtawa aweza kumpokea mgonjwa aliyehamishwa. Kumrudishia nchi yake hawezi. Kuyachanganya mambo haya mawili ni kumtwisha sista mzigo wa mahakama, na kuisamehe mahakama mzigo wake.

Kwa watunga kamusi jambo ni dogo lakini si la kupuuzwa. Chini ya neno mtawa haitoshi kuandika mtu akaaye ndani, kisha kuongeza sista wa Kikatoliki kana kwamba maana ya pili ilizaliwa na ya kwanza bila msukosuko. Kati ya maana hizo mbili pana historia ya wanawake waliotoka ndani, wakavuka bahari, wakawa wageni kwa watu ambao wao wenyewe walikuwa safarini. Kidahizo kilichoandikwa vema kitaionyesha njia hiyo.